Magoti ya Aloysius

Wakiniuliza ni nani aliyemponza Aloysius Ssemwanga, sianzi na Wajapani. Naanza na mimi mwenyewe, kwa maana ile barua niliichapa mimi, kwa vidole hivi hivi, kisha nikaisoma mara mbili kuangalia kama ina makosa. Makosa ya herufi, eti! Jameni, binadamu ana vituko.

Nilikuwa karani kwenye yadi moja ya magari kuukuu huko Ras Al Khor, Dubai. Magari ya usukani wa kulia yanatoka Japani, yanashushwa pale, yanaoshwa, halafu wanakuja Wakenya, Watanzania na Waganda kuyanunua. Jina langu Roselyne, mtoto wa Kakamega, na mdomo wangu hauna breki, kila aliyewahi kufanya kazi na mimi atakwambia. Aloysius alikuwa Muganda wa Masaka. Alikuja mwaka 2011 kuosha magari, na kwa kuwa alikuwa mtulivu na hagusi pombe, mwaka huo huo bosi akamfanya dereva wake. Baadaye akawa pia anapokea wateja, anajaza fomu, anapanga funguo. Nikienda likizo, kiti changu alikikalia yeye. Lakini kwenye viza yake cheo kilibaki kile kile cha siku ya kwanza: kibarua.

Hilo neno ndilo lililoshika maisha yake, kwa hiyo niliseme wazi. Dubai ya miaka ile, kibarua haleti mke. Karani anaweza akiwa na mshahara wa kutosha, kibarua hawezi, khalas. Alo alikuwa amemwacha mkewe Desire na mtoto wa miezi minne. Ijumaa akitoka kanisani Oud Metha alikuja kwetu Al Nahda, tulikokaa wanawake sita kwenye nyumba moja, anakula ugali wetu, kisha anakaa kwenye ngazi anaongea na Desire mpaka simu inapata moto. Yule mtoto, Shakira, alikua akimjua baba yake kama simu. Mama yake akiiweka mezani, yeye anaibusu. Alo akinisimulia hayo anacheka, na mimi nikicheka naye, halafu naenda jikoni kujifanya naosha vyombo.

Bosi wetu alikuwa Mzee Nozaki. Kwenye karatasi yadi ilikuwa ya kafeel, mwenyeji tuliyemwona mara mbili kwa mwaka, lakini kila kitu alikiendesha huyo Mjapani mwembamba, mwenye Kiswahili alichookota kwa wateja wa Dar es Salaam. Alo alimfuata nyumbani kwake Rashidiya kila asubuhi, na ndani ya gari, kwenye foleni, Mzee alimsimulia habari moja tu kwa miaka sita: habari za Mheshimiwa Yanagimori.

Yanagimori alikuwa mbunge huko kwao. Alirithi kiti cha baba yake mwaka 1980, na tangu hapo hakuna uchaguzi alioshindwa, ukipigwa mwaka wowote. Alikuwa waziri mara tatu. Watu wa jimbo lake walimpenda kwa jambo moja: hakusahau jina la mtu. Alihudhuria mazishi mpaka matatu kwa siku, na katika kila msiba anamshika mkono muuza mbegu wa kijijini anamwuliza, "Jicho la mkeo limepona?" Watu wanalia kwa furaha. Wanasema, tazama, mkubwa mzima anakumbuka jicho la mke wangu!

Basi jicho hilo alilikumbuka Nozaki. Yeye ndiye alikuwa katibu wake, anasimama nusu hatua nyuma ya bosi, ananong'ona: huyu fulani, muuza mbegu, mkewe alipasuliwa jicho mwezi wa tatu. Alikuwa na daftari la majina. Kila aliyemfaa Mheshimiwa kwa lolote aliandikwa humo, na kila Januari anapelekewa kadi ya mwaka mpya. Kwa miaka kumi na saba Nozaki alizipanga kadi hizo kwa mkono wake.

Mwaka 1997 ikagundulika kwamba Mheshimiwa amepokea hongo kwa mjenzi wa barabara. Mheshimiwa akasimama mbele ya kamera, akainamisha kichwa, akasema hakujua lolote, mambo yote yalifanywa na katibu wake. Usiku wa jana yake alikuwa amemwambia Nozaki, "Nibebee mzigo huu. Miaka mitatu tu, halafu nitakuita." Nozaki akabeba. Mahakama ikamhukumu, ikamsamehe kifungo, na marafiki wa Mheshimiwa wakamtafutia yadi mbali na macho ya watu, yaani kwetu.

Miaka mitatu ikapita. Ikapita sita, kumi, kumi na tano. Kilichokuja ni kadi, kila Januari, moja, imechapwa, bila neno la mkono. Mzee alizitunza kwenye mtoto wa meza, zimefungwa kwa utepe. Siku moja alimwonyesha Alo. "Ona," akasema, "yeye hapana sahau mimi." Alo alikuja kunieleza kwa huruma. Mimi nikamwambia, "Huyo mzee ni mjinga aliyevaa tai." Akanikaripia, akasema, "Nyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "usimcheke aliyedanganywa. Uchungu wake anaujua mwenyewe."

Yashike maneno hayo.

Mwaka 2017, mwezi wa tano, habari zikaja kwamba Mheshimiwa Yanagimori yuko Dubai na wabunge wenzake, na kwamba atapita yadini kwetu kwa dakika kumi, apigwe picha na magari yaliyotoka jimboni kwake. Ebo! Mzee alirukwa na akili. Alitupigisha rangi uzio. Kila Probox ilioshwa mara mbili. Akatoa suti aliyokuja nayo mwaka 1998, inanuka naftalini mpaka Hafiz, jamaa wa Kipakistani aliyetushughulikia mambo ya viza, akafungua madirisha joto lote lile. Na Mzee alikuwa na ukarimu mpya. Alimwambia Alo, "Yeye akifurahi, mimi naweza kila kitu. Wewe karani. Mke kuja."

Siku moja kabla ya ugeni akamwuliza mbele yangu, "Kwenu Uganda, mtu mkubwa sana, nyinyi salimu vipi?"

Alo akafikiri. Akasema kwao mwanamke ndiye hupiga magoti akisalimu. Mwanamume hafanyi hivyo ovyo, ila mbele ya Kabaka, au mbele ya wakwe siku anayokwenda kuomba mke.

"Wewe piga magoti baba ya Desire?"

"Nilipiga, sir. Yote mawili, kwenye mkeka."

"Kesho fanya hiyo," Mzee akasema. "Yeye atapenda. Baba yake, zamani, watu weka kichwa chini kabisa."

Mimi nikaguna. Nikasema, "Sir, hapa si Masaka, na huyo si baba mkwe wa mtu." Mzee hakunisikia. Japani yake ilikuwa imesimama pale alipoiacha. Alo naye akanikonyeza, "Si nyinyi wenye Kiswahili mnasema mtaka cha mvunguni sharti ainame? Nilipiga magoti mara moja nikapewa Desire. Nikipiga mara ya pili nitaletewa."

Magari matatu meusi yakaja. Akateremka mzee wa miaka sabini, nywele zimetiwa rangi nyeusi tititi, na nyuma yake, nusu hatua, katibu mpya. Nilimwona katibu akiinamia sikio lake. Yanagimori akapanua mikono, akamwendea Mzee Nozaki na kusema jambo kwa Kijapani kwa sauti kubwa, na Mzee akainama akajibu, uso wake umekuwa wa kijivu. Sikuelewa mpaka jioni, Alo aliponieleza alichotafsiriwa na Mzee garini. Mheshimiwa alikuwa amemwuliza, "Mgongo wa mama unaendeleaje?" Mama huyo alizikwa mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, na Mzee hakwenda kumzika, maana aliambiwa asionekane kijijini, waandishi wasije wakafukua ya zamani. Na unajua alimjibu nini? "Anaendelea vizuri, asante." Wallahi, nilipoambiwa hivyo nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Na ya mwisho.

Kisha ikafika zamu ya Alo. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Akasonga mbele, akashusha magoti yote mawili kwenye lami ya mwezi wa tano, lami ambayo ukiidondoshea yai linaiva, akaupokea mkono wa Mheshimiwa kwa mikono yake miwili. Yanagimori akashtuka kidogo, halafu akaona kamera. Akatabasamu. Akamwekea mkono wa kushoto kichwani na wapiga picha wakapata walichokuja kuchukua. Akamwuliza jina, na yule katibu akaliandika kwenye daftari.

"Ameandika jina langu," Alo aliniambia, magoti yamembabuka, anayapaka mafuta ya mgando ofisini. "Nyabo, yote mawili. Aloysius na Ssemwanga."

Picha ile waliiweka mtandaoni wao wenyewe, watu wa ofisi ya Mheshimiwa, kwa majivuno. Ikakaa miezi minne bila mtu kuijali. Mwezi wa tisa huko Japani ukatangazwa uchaguzi wa ghafla, na gazeti moja la kila wiki la Tokyo likaifukua, likaiweka ukurasa wa mbele: mbunge aliyekaa bungeni miaka thelathini na saba, mtoto wa mbunge, amesimama kama sultani, amemwekea mkono kichwani Mwafrika aliyepiga magoti. Wapinzani wakapata cha kula. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, tuliambiwa, Yanagimori angeweza kuanguka.

Simu za Tokyo zikaanza. Mzee alizungumza amesimama, anaiinamia simu, mtu mzima anainamia plastiki! Siku ya tatu akaniita, akanipa karatasi aliyoiandika kwa penseli, niichape kwa Kiingereza. Ilisema: mimi Aloysius Ssemwanga, kibarua, nilipiga magoti kwa hiari yangu baada ya kukatazwa waziwazi na msimamizi wangu. Mheshimiwa alikuwa ananishika ili aniinue. Nimefukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu na ninaomba radhi.

Nikasema, "Sir, huu ni uongo. Mimi nilikuwepo."

"Chapa," akasema.

Nikachapa. Viza yangu ilikuwa mikononi mwake vile vile, na nina mama anayenitegemea Kakamega. Nimeshajieleza hivyo mara nyingi, na kila nikijieleza najiona mdogo zaidi. Karatasi ikatoka kwenye mashine ingali na joto.

Kisha akamwita Alo ofisini kwake. Ofisi yake ilikuwa ya kioo, nikaona yote. Alo akaisoma taratibu, akaiweka mezani, akatikisa kichwa. Mzee akazungumza. Alo akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu, akarudi nyuma kuelekea mlangoni. Nikasema moyoni, hapo hapo, ndugu yangu, shikilia! Ndipo Mzee Nozaki alipozunguka meza, na suti yake na tai yake na miaka yake sitini na minane, akashuka chini. Magoti, kisha viganja, kisha paji la uso likagusa zulia mbele ya viatu vya dereva wake.

Kwetu mtu wa umri wa baba yako akikupigia magoti umekwisha. Hiyo ni laana, unamwinua kwanza, mengine baadaye. Alo akapiga kelele, "Sir, hapana! Sir, simama!" akamshika mabega, akamvuta, na yule mzee akajifanya mzito kama gunia. Hakuinuka mpaka Alo alipolia na kusema, "Nitasaini, sir, inuka tu." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au ujanja. Alijua Alo ni mtu wa namna gani, maana alikuwa ameshamwuliza kuhusu magoti.

Nilimdaka Alo kwenye varanda, nikamrukia. "Wewe una wazimu? Amekuahidi nini?"

"Miezi mitatu," akasema. "Uchaguzi ukipita ananirudisha kwa viza mpya. Karani. Na Desire. Nao Tokyo wamemwahidi yeye kwamba akilimaliza hili wanamwita nyumbani."

"Alo! Hiyo si ndiyo hadithi aliyokusimulia miaka sita? Miaka mitatu, miezi mitatu, huoni ni wimbo ule ule?"

Akaniangalia kwa upole, upole ule ambao mpaka leo unanikera. "Hapana, nyabo. Yeye alidanganywa na mwanasiasa. Mimi nimeahidiwa na mtu aliyedanganywa. Atamfanyiaje mwenzake jambo ambalo lilimwua yeye?"

 Leo ningemjibu: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini sasa kuna faida gani?

Hafiz akaifuta viza. Alikuwa akigonga karatasi na kutoa laana kwa Kiurdu. Alo akaondoka na begi moja na gauni la Desire alilokuwa amelinunua soko la Naif kwa ajili ya siku ya kumpokea uwanja wa ndege. Alisema atampelekea tu, atalivaa siku ya kuja.

Barua ilisomwa kwenye televisheni ya Japani, picha ya Alo ikaonyeshwa. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa kumi Yanagimori akashinda tena, mara ya kumi na tatu. Mzee aliangalia matokeo kwenye kompyuta yangu. Aliponyanyua mikono kushangilia, nilitoka nje.

Mwezi wa kumi na moja nikamkumbusha. "Sir, miezi inakwenda." Akasema, "Subiri." Wa kumi na mbili nikamwambia ahadi ni deni. Akasema, "Biashara mbaya sasa. Baadaye. Inshallah." Yeye mwenyewe alikuwa anasubiri simu ya Tokyo. Ikilia yoyote ile, anafunga kwanza kifungo cha koti. Simu haikuja. Nilitaka kufurahi nikashindwa, maana Alo kila Jumapili alinipigia kuuliza kuna nini kipya, na huku nyuma nasikia sauti ya mtoto.

Wiki ya pili ya Januari 2018 barua zikaletwa. Mwaka huo bahasha za Japani zilikuwa mbili. Moja ya Mzee, kama kawaida. Akaifungua amesimama wima, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akavuta mtoto wa meza akaitia chini ya utepe pamoja na zile nyingine. Kisha akaisoma anwani ya ile ya pili na akakaa. Aliishika muda mrefu, kisha akanisukumia juu ya meza bila kuniangalia.

"Tuma kwake," akasema.

Ilikuwa kadi ile ile ya wote, imechapwa, na mlima wenye theluji. Juu ya bahasha, kwa herufi nzuri za mashine: Aloysius Ssemwanga, Ras Al Khor. Nikamwomba Mzee anisomee iliyoandikwa ndani. Akaisoma bila kuiangalia, maana maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe mwaka 1984 na hayajabadilishwa. "Asante kwa msaada wako wa mwaka uliopita. Naomba uendelee kuwa nami."

Nilikasirika. Nikampigia Alo nikiwa nimedhamiria kumwambia yote, kwamba hakuna viza, hakuna karani, afunge ukurasa atafute maisha. Nikaanza na kadi, ili aone dharau yao. Nikamsomea jina lake na yale maneno.

 Nikasikia kelele, nikadhani ameumia.

"Desire! Desire, njoo usikie! Yule mkubwa ameniandikia!" Akarudi kwenye simu anahema. "Nyabo, nilikwambia. Jina langu liko kwenye daftari. Mtu aliyekusahau anaweza kukuandikia? Soma tena, Desire asikie."

Nikasoma tena. Nikamsikia Desire akipiga vigelegele, na mtoto akimwuliza wanaenda lini.

"Sasa nifanyie jambo moja," Alo akasema. "Mwulize Mzee. Yeye, baada ya kupata kadi ya kwanza, ilichukua muda gani mpaka wakamwita?"

Niliangalia kupitia kioo. Mzee alikuwa ameketi, koti limefungwa vifungo vyote, mtoto wa meza bado uko wazi. Nikamwambia Alo mtandao ni mbaya, simsikii, nitampigia kesho.